Mistari Kumi na Moja ya Hostidio

Orsetta aliruka mistari kumi na moja, na hakujua kwamba ameiruka.

Baba yake, Alvise Bragolin, aliinua kichwa kutoka kwenye prufu, karatasi ya majaribio ya kitabu. Miaka sita binti huyu alikuwa akimsomea, na hata nukta moja hakuwahi kuimeza. Ndivyo kusahihisha kulivyofanywa pale Venisi: mmoja anasoma mswada kwa sauti, mwenzake anafuata kwa kidole karatasi iliyochapwa mtamboni, na kosa likionekana linapigwa mstari. Kila ukurasa ulisomwa mara tatu, kwa siku tatu. Hakukuwa na njia ya mkato.

"Rudi nyuma," alisema Alvise. "Umeruka."

"Sijaruka, Baba."

"Nakuambia umeruka! Ukurasa wa arobaini, pale Hostidio anapofundisha kumpa marehemu sauti."

Orsetta alitazama, akaanza. Midomo ilicheza, sauti haikutoka. Akacheka kwa aibu, akashika koo. "Limekauka. Hebu nipe maji."

Alipokunywa, mistari ikasomeka vizuri tu, mwanzo hadi mwisho. Ila chumba kilianza kunuka majivu yaliyomwagiwa maji, na siku hiyo jiko lilikuwa halijawashwa. Alvise alinusa, akakunja pua, akageuza ukurasa. Watu wa vitabu ndivyo walivyo, nyumba ikiungua watamaliza kwanza sentensi.

Na alikuwa na sababu ya kutotaka kuutazama sana ukurasa ule.

Kitabu chenyewe kilikuwa cha Hostidio, msemaji wa Roma ya kale, aliyekufa miaka elfu moja na mia tano nyuma. Kilifundisha namna ya kuhutubia mahakimu. Nakala iliyobaki duniani ilikuwa moja, ya ngozi, kutoka chumba cha chini cha nyumba ya watawa, na katika ukurasa wa arobaini palikuwa na tundu la ukubwa wa kiganja. Si kazi ya panya wala nondo. Mtu alikata kwa kisu, kwa utaratibu, kingo zimenyooka.

Kanuni ya kazi inajulikana. Penye tundu unaweka kinyota, unaacha wazi, msomaji ajue maneno yamepotea. Alvise alikwenda na kinyota chake kwa Bibi Faustina, mjane mwenye mtambo wa kuchapa. Bibi Faustina alimtazama kama aliyeletewa samaki aliyeoza.

"Ukurasa wa kwanza nimeshauchapa," alisema. "Nimeandika hivi: kitabu kizima, bila pengo, Kilatini upande huu na tafsiri upande huu. Sasa unaniletea nyota? Watu wananunua kitabu, Alvise, hawanunui mbingu."

"Maneno hayapo, Bibi."

"Wewe si ndiye unayejisifu kwamba unakijua Kilatini kuliko wenyewe? Basi yatafute kichwani mwako."

Akayatafuta. Na jambo la kusikitisha ni kwamba alifurahi kuyatafuta. Sura ile ilifundisha jinsi msemaji anavyoweza, mbele ya mahakimu, kumwinua mfu kutoka kaburini na kusema kwa niaba yake, akijiita "mimi" kwa jina la mfu. Ulihitajika mfano. Alvise akamwinua Hostidio mwenyewe. *Mimi Hostidio nimenyamaza muda mrefu. Leo nimepata kinywa. Sitakifunga tena.* Mistari kumi na moja ya namna hiyo, Kilatini safi, na tafsiri yake kando. Akaipachika katika mswada kwa mwandiko wake, akacheka peke yake kwa kujipenda. Hakujiuliza hata mara moja kwa nini yule aliyelikata tundu zamani alishika kisu.

Siku ya pili Orsetta aliisoma bila kukwama. Bibi Faustina hakuwa na subira ya usomaji wa tatu. Mtambo ulianza kugonga kule chini siku hiyo hiyo, na nakala za kwanza ziliuzwa wino haujakauka. Harufu ya majivu ilipanda ngazi ikakaa juu ya meza.

Siku ya tatu baba na binti walisoma hivyo hivyo, maana ndiyo kanuni; ilikuwa saa nane mchana. Huko kwetu watu husema roho. Mimi nasema jini, maana kitu kilichomjia Orsetta hakikuwa na utulivu wa roho ya mtu, na wala hakikungoja giza kama wenzake. Orsetta alikuwa ameketi kama kawaida. Alipofika ukurasa wa arobaini alisimama wima, akapiga sakafu kwa mguu wa kulia, akajipiga paja, pwaa, kama msemaji wa kale mbele ya mahakimu!

"*Mimi Hostidio,*" alisoma, na hapo hapo akauweka mswada mezani. Hakuuhitaji tena.

Sauti ilikuwa ya mzee, nene, yenye mchanga ndani yake. Ilimaliza mistari kumi na moja, ikaendelea mbele, ikisema yasiyoandikwa popote.

"Orsetta," alinong'ona Alvise. "Mwanangu, acha mchezo."

Macho ya binti yakamgeukia. "Mstari wa nne ni mbovu," ilisema ile sauti. "Mimi nisingesema hivyo."



Kuanzia hapo Orsetta hakunyamaza. Kila kulipopambazuka alisimama dirishani akihutubia mahakimu wasiokuwepo, akiwaita kwa majina, mpaka jua lilipozama, na usiku akaendelea kwa kunong'ona. Alvise alimletea sardini za vitunguu na siki alizozipenda. Vipande vikadondoka, maana kinywa hakikutulia hata kwa kumeza. Maji alimdondoshea kwa kitambaa. Siku ya nne binti alikuwa mifupa, na sauti ndiyo kwanza inanenepa. Na huko chini, kwenye ukingo wa mfereji, watu walisimama kusikiliza. Walipiga makofi! Ilikuwa sauti tamu, ya kukufanya usahau ulikokuwa unakwenda, na wengi walisahau kweli.

Bibi Faustina alipanda ngazi, akasikiliza, macho yakamtoka.

"Kitabu cha pili hiki," alinong'ona. "Alvise, mbona umekaa? Andika!"

Na Alvise aliandika. Ndiyo, baba mzazi. Alivuta karatasi, akachovya kalamu, akasema moyoni kwamba ni kidogo tu, ni dakika chache tu, kwamba msomi gani duniani amewahi kuwekwa mbele ya msemaji wa kale akiwa hai anasema, na mkono ukakimbia, ukurasa ukajaa, na wa pili ukajaa, mpaka tone la damu lilipotua kwenye wino, akainua uso na kuona kwamba midomo ya binti yake imepasuka, na kwamba juu ya midomo ile, ndani ya macho, yumo mtu mmoja tu anayemtazama kwa machozi, naye ni Orsetta.

Alivunja kalamu. Aliona haya mpaka akashindwa kumtazama usoni.

Akaitwa padri na maji yake ya baraka. Jini lilimpokea vizuri sana, likamuuliza maswali matatu kwa upole, likamzungusha mpaka padri akakiri kwamba huenda mgeni ana haki ya kukaa. Alishuka ngazi akifuta jasho, hakurudi.

Wa mwisho kuja alikuwa Nona Katina wa kisiwa cha Burano, bibi aliyetibu watoto wenye degedege na wanawake waliopagawa, asiyejua herufi hata moja. Alivuta kigoda, akaketi karibu na Orsetta, akasikiliza kitambo kirefu, akifuma lesi yake.

"Huyu hakuvunja mlango," alisema kwa sauti ya chini. "Kaitwa. Nani kamwita?"

Alvise alichovya kitambaa, akaanza kumfuta binti yake midomo.

"Baba mtu, nakuuliza wewe. Mtoto anakufa na wewe unalinda kitu. Unalinda nini?"

Ndipo akasema. Tundu, kinyota, mistari kumi na moja, kicheko chake. Alisema kwa kunong'ona, kana kwamba jini halijui.

"Kumbe maneno ni yako, na jina ni lake," alisema Nona Katina. "Umempa kinywa kwa uongo, basi anakaa. Mistari hiyo isome wewe. Kila mstari, useme ni wako. Na hao wanaompigia makofi wasikie."

"Mbele ya watu? Nitakuwa nimekwisha. Hakuna atakayenipa tena kitabu kusahihisha."

"Haya, chagua," alisema bibi, akalisukuma dirisha likawa wazi kabisa.

Alvise alishika ule mswada, akatoa kichwa nje. "Mstari wa kwanza niliutunga mimi, Alvise Bragolin!" alipaza. "Hostidio hakuusema!" Nyuma yake sauti ya mzee ilipanda kuizidi yake, ikambishia, ikamdhihaki, ikawaambia watu kwamba huyu ni mlevi na mwenye wivu, na watu wakacheka, na yeye akasoma wa pili, na wa tatu, huku harufu ya majivu ikimkaba koo na mguu ule ukipiga sakafu mpaka vyombo vikaanguka rafuni, na wa saba, na wa nane, akilia sasa bila kujificha, na sauti ikaacha kubisha ikaanza kumbembeleza, ikimwahidi vitabu vyote vilivyopotea, vyote, kimoja baada ya kingine, akinyamaza tu, akinyamaza sasa hivi, na Alvise Bragolin, aliyevitamani vitabu hivyo maisha yake yote, akasoma wa kumi, akasoma wa kumi na moja.

Kikawa kimya.

"Maji," alisema Orsetta, kwa sauti yake mwenyewe, iliyokwaruza.

Huko chini watu walizomea. "Mwongo! Mghushi!" Alvise hakuwasikia, alikuwa amepiga magoti amemshikilia binti yake kikombe.

Bibi Faustina alimfukuza siku ile ile. Akachapa upya ukurasa wa arobaini, wenye kinyota, kwa nakala zilizokuwa bado hazijauzwa. Alvise akaanza kufundisha watoto wa wenye maduka kusoma, Orsetta akanona kidogo kidogo, na wakaanza tena kutaniana mezani.

Wiki ya saba ililetwa barua kutoka Lyon. Aliyeiandika alikuwa mtafsiri, Chaumel, mtu wa adabu nyingi, aliyekipata kitabu kwa mfanyabiashara na alikuwa akikigeuza Kifaransa. Alishukuru. Alisema katika kitabu kizima hakuna panapopendeza kama mistari kumi na moja ya ukurasa wa arobaini. *Mke wangu ndiye anayenisomea,* aliandika. *Ameipenda kupita kiasi. Tangu Jumapili hajaacha kusoma, na sasa hata chakula anakikataa. Je, kuna sehemu nyingine za namna hii?*

Alvise aliisoma kimya, mara mbili. Kisha akamweleza binti yake, maana alikuwa amekwisha jifunza kutoficha.

Orsetta alikuwa tayari anavaa shali. "Lyon ni mbali?"

"Siku kumi na tano, tukiwahi."

"Twende. Utamsomea kama ulivyonisomea mimi." Akasimama, mkono kwenye kitasa. "Baba, kabla ya kinyota, ziliuzwa nakala ngapi?"

"Sitini."

"Na hao wengine hamsini na tisa wanakaa wapi?"

Alvise alikunja barua, akaitia kifuani, akatafuta kofia yake kwa muda mrefu ingawa ilikuwa mkononi.

"Sijui, mwanangu," alisema. "Walinunua, wakaenda zao."