Ukurasa wa Baba

Kila nikitoka shule, kabla ya kuvua sare, napita kwanza karakana kumsalimia mama. Kazi yetu ni kutengeneza makochi. Zamani, ili umfikie mama ilibidi uruke makochi mawili ya watu na kukwepa rundo la sponji. Lakini siku ninayoisimulia, ungeweza kuendesha baiskeli humo ndani, ukapiga kona, usiguse kitu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekula?"

"Kidogo."

"Kidogo chako ni sufuria nzima."

Alitania, ila macho hayakucheka. Alikuwa anashona mto ambao alikwisha kuushona wiki iliyopita. Aliufumua ili apate cha kushona.

"Ile tovuti umeirekebisha?" akauliza.

"Tayari, mama."

Hiyo ilikuwa mara ya tatu kusema tayari, na mara zote tatu nilidanganya.

Baba alikuwa amefariki miezi minne kabla. Mtaa mzima ulimwita Fundi Kaa Kwanza, maana hakukubali kuzungumza na mteja aliyesimama. Mimi na yeye tuliifungua tovuti ya karakana wakati wa likizo ndefu. Yeye alisema, mimi nikaandika. Juu kabisa aliniagiza niweke: "Tunakalisha watu kwa heshima." Chini yake ikakaa picha yake akiwa amebana misumari midomoni, halafu namba yake ya simu. Nilimwambia kwamba mtu akitafuta fundi mtandaoni haandiki "heshima". Akacheka. "Mwenye heshima zake ataandika," akasema.

Baada ya mazishi mama alinipa kazi moja tu: nitoe namba ya baba, niweke yake, na niandike maneno yatakayowafanya wanaotafuta fundi watupate. Kila siku nilifungua ukurasa ule kwenye chumba cha kompyuta cha shule. Kidole hiki kinachofuta majibu yangu ya hisabati bila huruma kilikataa kufuta tarakimu moja ya baba. Nikafunga ukurasa, nikarudi nyumbani, na kila mama alipouliza nikasema tayari.

"Basi sielewi," mama akasema siku hiyo. "Mwezi huu ukiisha hivi hivi, itabidi niuze cherehani ya baba yako."

Cherehani hiyo ndiyo iliyoshona ngozi na vitambaa vizito, vilivyoishinda ya mama.

Siku ya pili yake muuguzi wa zahanati ya mtaa wa jirani alikuwa anapita, akasimama ghafla mlangoni.

"Kumbe mpo?"

"Tupo. Twende wapi?" mama akajibu.

"Mimi nilitafuta mtandaoni fundi wa kurekebisha makochi ya zahanati, nikaletewa mafundi wa mbali. Nikaandika jina la mume wako, nikaona namba yake. Nimepiga wiki nzima haipatikani. Nikajua mmefunga." Akashusha sauti. "Makochi nimeshawapa wengine. Pole sana, mama."

Alipoondoka, mama akanigeukia polepole.

"Uliniambia umerekebisha."

"Ndiyo, mama."

"Mara tatu."

Nikaangalia viatu vyangu. "Nikifuta namba yake, atabaki wapi?"

Kusema kweli nilijiandaa kwa kofi, nikapewa kiti. Mama akakaa karibu yangu, akaiweka sindano chini. "Shati lake bado linaning'inia kwenye msumari," akasema. "Nalipiga pasi." Basi tukalia wawili, mchana kweupe, mlango wazi, wapita njia wakitutazama kama vile tunauza machozi.

Kesho yake tulikwenda pamoja kwa mwalimu wetu wa kompyuta. Tunamwita Mwalimu Kipanya, kwa kuwa hutembea na kipanya cha kompyuta mfukoni kama kalamu. Aliusoma ukurasa wetu hadi mwisho.

"Mtambo wa kutafuta haujui kwamba baba yako alikuwa mtu mzuri," akasema kwa upole. "Unasoma maneno tu, kisha unayalinganisha na aliyoandika mtafutaji. Mama, wateja wakija husemaje?"

"Husema kochi langu limebonyea."

"Andika hivyo hivyo," akaniambia.

"Sponji imekwisha. Kitambaa kimechanika. Paka amekwaruza mkono wa kochi."

"Andika. Hata paka ana kazi yake."

Kila kazi tukaipa ukurasa wake, na kila picha tukaiwekea maelezo. Tukaandika mtaa, saa za kufungua na namba ya mama. Nikataka kuongeza viti vya magari, kwa sababu wengi huvitafuta. Mama akakataa. "Sivishoni. Mtu akija na gari lake nitamwambia nini?"

Mwisho mama akanitajia sentensi mbili, nikaziandika chini ya picha ya baba: "Fundi aliyeanzisha karakana hii alifariki mwaka huu. Mke wake, aliyeshona naye kwa miaka kumi na moja, anaendelea na kazi." Kisha namba ya baba nikaifuta mwenyewe, tarakimu moja moja.

"Tutaonekana lini?" mama akauliza.

"Baada ya wiki kadhaa," Mwalimu Kipanya akasema. "Mtambo huo hausukumwi kama mkokoteni."

Zilipita wiki tano. Katika wiki ya tatu walikuja wanaume wawili kuichukua cherehani ya baba. Mama aliipangusa vumbi kama anayemfuta mtoto uso kabla ya kumpeleka shule. Hakuna aliyeniambia kwamba kosa ni langu. Afadhali wangeniambia.

Wiki ya tano simu ya mama ikalia. Mikono yake ilijaa gundi, nikamshikia.

"Nimewaona mtandaoni," mwanamume akasema. "Kochi langu limebonyea katikati. Naomba kuongea na fundi."

Mama akatazama pale ilipokuwa cherehani. "Ndiye unayeongea naye," akasema.

Kochi hilo lilikuja Jumamosi, na kabla ya Jumatatu likaja jingine. Tulipokuwa tunalivua kitambaa, mama akazungumza bila kuinua uso.

"Sikia, binti yangu. Kumlilia baba yako si kosa, na usiache kwa ajili yangu. Kosa ni kuniambia kazi imekwisha wakati hujaianza. Ungesema, 'Mama, siwezi,' tungelia siku hiyo hiyo, na kesho yake tungefanya kazi. Wewe ulificha uchungu wako, na mimi nikakaa hapa nikisubiri watu wasiojua kwamba nipo. Kazi ikikushinda, sema imekushinda. Aibu yake ni ya dakika moja. Uongo umetuchukua miezi mitatu na cherehani."

"Nisamehe, mama."

"Nilishakusamehe. Shika huku."

Nikashika ncha moja ya kitambaa kipya, yeye akashika nyingine, tukakivuta juu ya sponji mpaka kikanyooka.