Moto Kwenye Kibanda cha Zuberi

Maiti ya msichana ililala nyuma ya mlango, mkono umenyooshwa kuelekea kizingiti. Kibanda cha ushonaji kilikuwa kimeungua karibu chote. Inspekta Lambert alitazama mara moja, akageuza uso. Tangu aanze upolisi hapa Stanleyville hakuwahi kuona unyama kama huu, tena mchana kweupe.

Kufuli lilikuwa limefungwa kwa nje.

"Nani alifunga?"

"Ni mimi, chef, mkubwa wangu," alisema Zuberi, mwenye kibanda. "Nilienda soko kununua uzi. Yeye mwenyewe aliniomba nifunge. Alikuwa anajifunza kushona, hakutaka baba yake ajue."

"Baba yake nani?"

"Papa Wenceslas, fundi cherehani wa pale kona. Huyu ni Nyota, mutoto yake."

Zuberi aliachishwa kazi bandarini mwaka 1957. Serikali ilipoanza kuwagawia wasio na kazi vifaa ili wajitegemee, akapewa cherehani mpya. Wateja wakamjaa.

Lambert aliinama kwenye ukuta wa nyuma. Ulinuka mafuta ya taa. Moto uliwashwa makusudi.

Akaenda kwanza kumpa baba habari ya msiba.

Alimkuta Wenceslas ameketi mbele ya cherehani yake kuukuu, hashoni. Nyusi zake zilikuwa zimebabuka. Mkono wa kulia aliuficha chini ya kitambaa.

"Papa, onyesha mkono."

Malengelenge. Na harufu ile ile.

"Ni wewe?"

"Ni mimi." Hakubisha. "Wateja walipokwisha kuhamia kwa Zuberi, nilienda kwa ofisi ya serikali kuomba musaada. Wakaniambia, wewe iko na kazi, hii ni ya wale hawana. Kazi gani? Zuberi hajui hata kukata kola! Bon, niliona kufuli, nikajua hakuna mutu. Nilitaka mashini yake iungue, basi."

"Hukusikia sauti?"

"Niliwasha, nikakimbia." Akatazama barabarani. "Mutanifunga, najua. Lakini ngoja kwanza Nyota arudi kutoka kwa shangazi yake. Nimuelezee mwenyewe."

Lambert akaketi kwenye kigoda cha wateja. Hakuweza kulisema jambo lile akiwa amesimama.

"Papa, Nyota hakwenda kwa shangazi."

"Alienda wapi?"

Lambert akamwambia.

Mzee hakulia. Aliinuka, akatimua mbio kuelekea kwenye moshi, akimwita mwanawe kwa jina. Lambert, ambaye kazi yake ilikuwa kumkamata, alibaki ameketi pale pale.