Simu Iliyoitika kwa Sauti ya Mama

Simu ya mama iliitika kabla haijalia.

"Abee?" ilisema pale mezani, kwa sauti ya mama, na mama mwenyewe alikuwa na pini mdomoni akipinda ukingo wa sare ya shule. Profesa aliinua kichwa kutoka kwenye kompyuta yake iliyofungwa bawaba kwa utepe wa gundi, akacheka.

"Umeliona dude lako?" Mama alizitemea pini kiganjani. "Linaitikia hewa."

"Nitalirekebisha, mama. Bado liko kwenye majaribio."

"Kama wewe na kazi."

Jina la Profesa alipewa na mtaa, na si kwa heshima. Alirudi nyumbani na begi jipya na digrii ya kompyuta. Begi likachakaa, digrii ikabaki mpya. Kila ofisi ilimwambia neno lile lile, "tutakupigia," waongo wakubwa na tai zao! Simu yake haikuita ila kampuni ya simu ilipotaka kumuuzia mlio. Ndipo akatengeneza apu ya kupokea simu: mtu akipiga nawe huna nafasi, inaitika kwa sauti yako, inamuuliza shida yake, inahifadhi mazungumzo. Majaribio aliyafanyia kwenye simu ya mama, maana mama ndiye mwenye wateja, na cherehani ikinguruma hasikii kitu. Alasiri nzima alimrekodi: abee, nani mwenzangu, nakusikiliza, karibu.

Siku hiyo mama alisita. "Hilo abee liondoe. Nilikufundisha nini? Ukiitwa na usiyemwona?"

"Ninyamaze mpaka nimwone," Profesa alikariri kama mtoto wa darasani. "Lakini mama, hiyo ni ya uani na vichakani. Kwenye simu nani anamwona anayempigia?"

"Ndiyo maana mimi huangalia namba kwanza."

Profesa alicheka kisomi, akaandika amri yake: itikia wote. Wenye namba, walioficha namba, hata wasio na namba kabisa. Asipotee mteja.

Sasa simu ikawa inaitika bila kulia kila mchana. Profesa akafungua mazungumzo yaliyohifadhiwa, akaweka sikio. Upande wa pili hapakuwa na maneno, palikuwa na pumzi, ndefu, yenye unyevu, kama ya mtu aliyebandika mdomo kwenye tundu la kitasa. "Karibu," ilisema sauti ya mama. Pumzi. "Karibu." Kisha ikasema kitu ambacho hakumrekodi kamwe:

"Niko ndani. Mlango uko wazi."

Harufu ya nguo iliyoungua ikajaa chumbani.

"Mama, umeacha pasi?"

"Pasi ni baridi," mama alinong'ona. Alikuwa ananong'ona tangu asubuhi, akisingizia mafua.

Profesa aliifuta apu papo hapo. Simu ikaitika. Akaizima, ikaitika ikiwa giza; akatoa betri, akaishika kiganjani, na simu ile tupu ikaendelea kumkaribisha mtu kwa ukarimu wote wa mama yake, huku mama akifungua kinywa na kukifunga bila kutoa hata mkwaruzo. Daktari alimmulika koo, akasema ni safi, labda ana mawazo.

Mganga waliyemwita alikuwa mwanamke mkali, asiye na muda wa porojo. "Lilibisha wapi?"

"Lilipiga simu," alisema Profesa.

"Nani akaitika?"

"Apu. Niliitengeneza mimi."

"Kwa sauti ya nani?"

Mganga alifukiza, akasoma mpaka jasho likamchuruzika, na simu ikacheka, kile kicheko cha mama cha kushika mbavu. Mganga akakusanya vitu vyake.

"Ninatoa vilivyovamia, mwanangu. Hili liliitikiwa, likakaribishwa. Nilifukuze kwa haki ipi? Sikiliza: litakuita. Usiitike. Ukiitika, na sauti yako inakwenda."

Profesa aliitumbukiza simu chooni. Tangu hapo sauti ikahamia uani, na kila alasiri, cherehani ikitulia, ilimwita kama alivyoitwa utotoni, mwanangu, njoo unishikie kitambaa, mwanangu, unanisikia au umejaza pamba masikioni, naye aliuma ukosi wa shati asiitike, huku mama halisi amekaa mbele yake, mkasi wake umening'inia shingoni kwa utepe kama siku zote, akisikiliza sauti yake mwenyewe ikimbembeleza mwanawe, machozi yakidondokea sare za watoto wa watu. Hata simu yake ilipolia siku moja, namba ya ofisi kabisa, ya mezani, Profesa aliikodolea macho mpaka ikakata.

Wakatafuta njia yao. Mama akimtaka, aligonga mkasi kwenye meza ya cherehani: ko-ko, kimya, ko. Ilikuwa lugha yao wawili, na Profesa akazoea kuisubiri.

Alasiri moja alikuwa amejilaza chumbani kwake aliposikia. Ko-ko. Kimya. Ko.

"Naam, mama," akaitika, akiinuka.

Kwenye cherehani hapakuwa na mtu. Kitambaa kilikuwa nusu chini ya sindano, na ile harufu ya kuungua ilimpiga usoni. Dirishani alimwona mama ng'ambo ya barabara, anarudi kutoka dukani na uzi mkononi, mkasi ukimcheza kifuani.

Profesa akashika nondo za dirisha, akafungua kinywa amkataze asije. Kinywa kilifunguka, hakikutoka kitu. Akagonga nondo kwa viganja. Lori lilikuwa linapita, likameza kishindo chote.

Lori lilipokwisha kupita, sauti ya kijana ilisikika kutoka uani, nyororo, ya msomi mwenye adabu.

"Mama! Njoo huku nyuma mara moja, nimepata kazi!"

Mama hakuwa na sauti ya kuitikia. Alitabasamu tu, akashika mkasi usimgonge, akazunguka nyumba mbio.