Mahindi Kando ya Kitanda

Kila asubuhi kabla ya kwenda shuleni, Kalekye alifagia chumba alicholala na mama yake, akilizunguka rundo la mahindi lililokuwa kando ya kitanda. Mwaka huo wa 2004 njaa ilikuwa kali katika eneo la Katangi, na wezi walikuwa wakivuna mashamba ya watu. Kwa hiyo kila mtu alivuna mahindi yakiwa bado na maji, akayaficha ndani ya nyumba, juu ya sakafu ya udongo. Yakaota ukungu. Watu waliyapangusa, wakayakoboa, wakayapika kuwa muthokoi.

Kisha watu wakaanza kufa. Macho yaligeuka manjano na tumbo likavimba. Afisa wa afya alikuja shuleni akaeleza kwamba ukungu ule una sumu isiyoisha hata kwa kupikwa. Mwalimu Nzomo, aliyefundisha sanaa, alimgeukia Kalekye, maana darasa zima la sita hakuna aliyemshinda kuchora watu.

"Chora picha ya mama akitupa mahindi mabovu," alimwambia. "Tutaibandika sokoni."

Kalekye alimchora mama na mtoto wake wakitupa mahindi, wakapendeza kweli. Ila kuchora nyumba ya udongo nyuma yao aliona haya. Akanakili picha ya kalenda: nyumba ya vigae, nyasi za kijani, na mlima wenye theluji. Mwalimu aliisifu sana.

Sokoni, jirani yao Mama Muindi aliitazama akacheka. "Huyu ni tajiri, ndiyo maana anaweza kutupa chakula. Hayo ni mambo ya watu wa mbali." Akaenda nyumbani kupika.

Mwanawe, Muindi, alikaa dawati moja na Kalekye. Alizikwa Ijumaa.

Jioni hiyo Kalekye alikuta muthokoi uko mezani.

"Mwaitu," alimwambia mama yake, "tusile mahindi haya. Ndiyo yamemuua Muindi."

"Sasa tukitupa tutakula nini?" mama alifoka. "Mimi niko na hayo tu!"

Kalekye hakula. Alilala akilia, huku mama akikwangua sufuria. Aliogopa kwamba atakayezikwa sasa ni mama.

Jumatatu shuleni, alimweleza Mwalimu Nzomo jinsi watu walivyoicheka picha. Mwalimu alienda naye sokoni, akaibandua ukutani.

"Mama uliyemchora anaishi wapi?"

"Hapa Katangi, mwalimu."

"Basi tumempeleka kwenye theluji kufanya nini? Mrudishe kwake."

Safari hii, nyuma ya mama yule, Kalekye alichora ukuta wa udongo wenye nyufa, kitanda cha kamba, na ufagio mlangoni. Kando ya kitanda akaweka mahindi yenye ukungu wa kijani. Wenzake walipochungulia walimcheka.

"We, si hiyo ni nyumba yenu!"

"Ndiyo," alijibu, akaendelea kuchora.

Siku ya soko, picha mpya ilipobandikwa, hakuna aliyecheka. Mama yake alisimama mbele ya picha hadi kikapu kikamponyoka mkononi.

"Kalekye, huo ukungu umeenea hivyo kwetu?"

"Umeenea hivyo, mwaitu. Mimi hufagia hapo kila siku."

Mama alirudi nyumbani bila kununua kitu. Alijaza mahindi kwenye gunia, akayamwaga katika shimo lililochimbwa nyuma ya soko. Majirani nao wakaleta yao, wengine wakilia. Wiki hizo walikula mahindi makavu ya msaada, kidogo kidogo, lakini mama hakuugua.

Wa mwisho kufika shimoni siku ile alikuwa Mama Muindi, akiwa na karai la mahindi kichwani. Alisimama kwanza mbele ya picha, walipokuwa Kalekye na Mwalimu Nzomo.

"Hapa ndipo kwangu," alisema. "Kwa nini hukuchora hapa mara ya kwanza?"

Kalekye akaanza kulia. Mwalimu Nzomo akamshika bega.

"Mama, mimi ndiye niliyeisifu ile ya kwanza, kosa ni langu zaidi," alisema. Kisha akamwambia Kalekye, "Ukimchora mtu, mweke mahali anapoishi, hata kama unapaonea haya. Asipopaona kwake, atadhani unaonya watu wengine."

Mama Muindi alishusha karai. Kalekye akashika upande mmoja, wakayamwaga pamoja shimoni.