Kipa Aliyesema Ameshiba

Kila asubuhi, kabla ya kwenda darasani, Komeo alikuwa na kazi mbili ambazo hakuna aliyehitaji kumkumbusha: kujaza maji pipa la jikoni na kumfungulia baba yake kibanda. Baba yake alikuwa fundi viatu, na kibanda chake kilitazamana na uwanja wa shule. Komeo alikuwa akishapanga nyundo, gundi na nyuzi juu ya meza, anavuka barabara na kusimama golini mpaka kengele ilie. Wenzake walimpigia mashuti, naye akidaka. Jina la Komeo alilipata hapo hapo uwanjani, kwa sababu akisimama golini ni kama mlango umefungwa kwa ndani. Hata walimu walikuwa wamelisahau jina aliloandikishwa nalo.

Mwaka ule timu yao ya wasichana ilitwaa kombe la shule, ikaalikwa kwenda kucheza mechi mbili za kirafiki katika nchi ya mbali sana, huko ambako jua huonekana kama limechoka. Kila mchezaji angelala nyumbani kwa mchezaji mmoja wa timu mwenyeji. Habari hiyo ilipofika mtaani, kila mtu aligeuka mshauri. Baba alimshonea upya viatu vyake vya mpira. Mama alimtafutia sweta mbili nzito. Shangazi yake, ambaye alijiona bingwa wa adabu katika ukoo mzima, alikuja kumfundisha namna ya kukaa kwa watu.

"Ukikaribishwa chakula, usikipapatikie kama kuku aliyeona mtama," alisema huku akimkunjia nguo. "Sema umeshiba. Wakikubembeleza, kataa tena. Mara ya tatu ndiyo unakula, tena taratibu. Na mtu mzima akisema nawe, macho chini."

"Na wasiponibembeleza, shangazi?"

Shangazi alicheka kama mtu aliyeulizwa itakuwaje jua likisahau kuchomoza. "Nani asiyembembeleza mgeni?"

Basi Komeo akaondoka na maneno hayo kichwani.

Baridi ya huko ilimng'ata masikio tangu mlangoni mwa uwanja wa ndege. Mwenyeji wake alikuwa mshambuliaji mwembamba mwenye mbio za ajabu, ambaye Komeo na wenzake walimwita Mshale kuanzia mazoezi ya kwanza. Mama yake Mshale alikuwa dereva wa basi, akaja kuwapokea akiwa bado na sare yake ya kazi. Waliongea kwa lugha ambayo wote watatu walifundishwa shuleni, lakini haikuwa lugha ya nyumbani ya yeyote kati yao, kwa hiyo kila mmoja aliokoteza maneno kadiri alivyojaliwa.

"Karibu," alisema mama huyo, akampa mkono.

Komeo aliinamisha kichwa, akangoja kuulizwa habari za safari, za baba, za mama, za wadogo zake na za masomo. Alipoinua macho, mama tayari alikuwa amebeba begi lake na kuanza kwenda.

Nyumba yao ilikuwa ndogo, ghorofa ya juu, viatu vimepangwa mstari mlangoni na kila koti lina ndoano yake. Mezani kulikuwa na supu, viazi, kuku wa kuokwa na mkate wa moto. Harufu ile ilimfanya Komeo ameze mate. Ndani ya ndege hakuweza kula kitu kwa hofu ya kupaa angani.

"Utakula?" mama akauliza.

"Hapana, asante. Nimeshiba," Komeo akajibu, macho kwenye kitambaa cha meza.

"Sawa," mama akasema, akafunika kuku.

Komeo akalitazama kwa pembe ya jicho lile bakuli lililofunikwa. Akangoja. Mshale alikula, mama yake akala, wakaongea kidogo, wakainuka kuosha vyombo. Hakuna aliyeuliza mara ya pili. Komeo alikunywa maji, akaenda kulala huku tumbo likimlalamikia kama paka aliyefungiwa nje.

Asubuhi mambo yakawa yale yale. Mama aliuliza kama atakula mkate na mayai, Komeo akasema ameshiba, mama akasema sawa. Ila safari hii mama na binti walitazamana. Komeo aliuona mtazamo ule, akaufasiri alivyotaka: wamefurahi kwamba chakula chao kimebaki.

Kwenye mazoezi alimvuta pembeni nahodha wa timu yake, msichana mwenye mabega mapana na kicheko cha karibu.

"Wenyeji wako wanakulisha?"

"Wananilisha?" nahodha akashangaa. "Mimi nilianza kutafuna kabla hawajamaliza kuuliza. Kwani wako vipi?"

Komeo aliona aibu kueleza yote. "Wangu ni wachoyo," akasema. "Chakula wanakifunika mbele ya macho yangu."

Nahodha alisikitika kwa moyo wote, akampa biskuti zake, kisha akawaambia wengine. Maneno yakaota miguu. Kila aliyeyapokea aliyatia chumvi kidogo, na mazoezi yalipokwisha, habari iliyokuwa ikizunguka ni kwamba nyumbani kwa Mshale sufuria hufungwa kwa kufuli na mama mtu hulala na ufunguo. Komeo aliisikia hiyo ya kufuli. Alijua si kweli, lakini hakufungua mdomo.

Jambo ambalo hakulijua ni kwamba upande wa pili nako moto ulikuwa unawaka. Mshale alikuwa amewaambia wenzake kuwa mgeni wake ana dharau. Hamtazami mama yake usoni hata akisemeshwa, na chakula cha kwao anakikataa kana kwamba kimetiwa sumu. Jioni ile mama alipika tena, akauliza tena, Komeo akashiba tena. Na siku ya mechi ya kwanza ilipofika, timu hizo mbili zilipeana mikono ya barafu, kila mtu akitazama pembeni.

Kipindi cha kwanza Komeo alidaka mpira wa kwanza, akapangua wa pili. Kisha ikapigwa kona. Mpira ulikuja juu, mwepesi, wa aina ambayo angeudaka hata akiwa na usingizi. Aliruka. Uwanja ukazunguka, miti ikageuka miguu juu, na mpira ukapita katikati ya mikono yake hadi wavuni. Komeo akaanguka kwenye majani, akashindwa kuinuka.

Mtu wa kwanza kumfikia alikuwa Mshale. Alipiga magoti, akamwinua kichwa na kukiweka mapajani mwake. Nahodha akaja mbio, akamsukuma.

"Mwache," alisema kwa ile lugha ya shuleni, kwa sauti iliyosikika hadi kwa watazamaji. "Mmemnyima chakula nyumbani, sasa mnajifanya kumwonea huruma."

Refa alisimama na filimbi yake mdomoni bila kuipuliza. Mama yake Mshale, aliyekuwa ameomba ruhusa kazini ili aje kushangilia, alishuka kutoka kwenye ngazi za watazamaji akiwa amebeba mfuko.

"Nani amemnyima chakula?" aliuliza polepole. Uso wake ulikuwa umemshuka kama mtu aliyepigwa kofi bila kujua kosa lake.

Kocha wa akina Komeo, mwalimu wa sayansi asiyependa maneno mengi, aliinama na kumshika mchezaji wake mkono. "Umekula lini?" alimuuliza kwa lugha ya nyumbani.

"Asubuhi," Komeo akanong'ona.

"Umekula nini?"

"Biskuti." Komeo alifumba macho. Angeweza kunyamaza, watu wakaamini kwamba nahodha amesema kweli, na safari ikaisha. Lakini alikuwa ameuona uso wa yule mama, na vidole vya Mshale bado vilikuwa vinamfuta majani kwenye nywele. Akamweleza kocha yote: alivyokaribishwa, alivyokataa, alivyongoja kubembelezwa, na alivyokwenda kusema kwa wenzake.

Kocha alimsikiliza mpaka mwisho. "Umeniambia mimi," akasema. "Lakini si mimi niliyesemwa."

Komeo aliketi, kisha akasimama akiwa amemshika kocha bega. Akatafuta maneno, moja moja, kwa lugha waliyoelewa wote.

"Mama huyu alinipa chakula," alisema. "Kila siku alinipa. Mimi nilisema nimeshiba, na nilikuwa na njaa. Halafu nikasema wao ni wachoyo. Naomba mnisamehe."

Mama alimtazama kwa mshangao. "Kwa nini useme umeshiba kama una njaa?"

"Kwetu ndiyo adabu. Mgeni anakataa kwanza. Nilikuwa nangoja uniulize tena."

Mama alijishika mdomo. "Mwanangu, hapa kwetu adabu ni kumwamini mtu. Ukisema hapana, halafu mimi nikulazimishe, ni kama nakuambia wewe ni mwongo."

"Na macho?" Mshale akadakia. "Mbona humtazami mama yangu?"

"Mtu mzima hatazamwi usoni. Ni heshima."

Sasa ilikuwa zamu ya Mshale kutazama chini. "Mimi niliwaambia wenzangu kwamba unatudharau," alisema. "Niliwaambia wote."

Mama akauliza, "Na hilo kufuli la sufuria ninalosikia likitajwa hapa, limetoka wapi?"

Wachezaji wakaangaliana. Mmoja akamtazama mwingine, huyo akamtazama mwenzake, mpaka macho yote yakaishia kwa nahodha.

"Nilisema tu kwamba lipo," nahodha akajitetea. "Sikusema nimeliona."

Refa ndiye aliyeanza kucheka. Wakafuata mabeki, wakafuata watazamaji, na mwishowe hata nahodha akacheka, akaenda kumwomba Mshale msamaha kwa kumsukuma. Mama alifungua mfuko wake, akatoa mkate uliojazwa mayai, na ndizi.

"Utakula?" akauliza.

"Ndiyo," akajibu Komeo bila kungoja, akimtazama usoni, ingawa shingo ilikuwa nzito kama amebeba gunia.

Alipomaliza kula aliomba arudi golini. Kocha akakataa katakata. "Mwili hauchezi mpira kwa maji na biskuti," alisema. "Leo kazi yako ni kula na kupumzika." Beki mmoja akavaa glavu za Komeo, akafungwa mabao mawili mengine kwa ushujaa mkubwa. Komeo aliyashuhudia yote kutoka kwenye benchi, na iliuma, kwa sababu alijua ni njaa yake iliyowafungisha.

Jioni ile mezani kulikuwa na kioja. Komeo alikuwa amejifunza kukubali mara ya kwanza, na mama naye alikuwa ameazimia kuuliza mara tatu. Komeo akakubali, akala, akaulizwa, akakubali, akala, akaulizwa tena. Alipojaribu kusema kwamba sasa ameshiba kwelikweli, mama alimkagua uso kama anayesoma kibao cha barabarani, na Mshale akacheka mpaka akakohoa supu.

Mechi ya pili Komeo alicheza akiwa na nguvu zake zote. Alipangua mpira wa Mshale uliokuwa unaelekea kona ya goli, kisha Mshale huyo huyo akamfunga dakika za mwisho, na matokeo yakawa sare. Hakuna aliyejali sana. Wachezaji wa timu zote mbili walipiga picha wakiwa wamechanganyika, na ilikuwa vigumu kujua nani mgeni na nani mwenyeji, isipokuwa kwa wingi wa sweta.

Kabla ya kupanda basi la kwenda uwanja wa ndege, kocha aliwakusanya wachezaji wake katika chumba cha kubadilishia nguo.

"Mwalimu," Komeo aliuliza, "kwa hiyo shangazi yangu alinifundisha vibaya?"

"Hapana," kocha akajibu. "Shangazi yako alikufundisha adabu ya nyumbani, na ukirudi nyumbani utaifuata. Alichosahau ni kwamba watu wengine nao wana adabu yao. Ukifika kwa watu na ukaona jambo usilolielewa, muulize aliyelifanya. Usimuulize rafiki yako ambaye naye hajui." Hapo alimtupia jicho nahodha, ambaye ghafla alianza kufunga kamba za viatu vilivyokwisha fungwa. "Tena lishikeni hili. Komeo alisema chakula kilifunikwa, na ni kweli kilifunikwa. Alichoacha kusema ni kwamba alikikataa yeye mwenyewe. Ukweli ukiusema nusu, unaweza kumchafua mtu kuliko uongo mtupu. Lakini pia alisimama mbele ya uwanja mzima akaimalizia ile nusu iliyobaki. Hilo ni gumu kuliko kudaka penalti, na nimejivunia kuwa kocha wake."

Komeo alisikia masikio yakimwaka moto, na kwa mara ya kwanza tangu afike hakuhisi baridi.

Nje, Mshale alikuwa anamngoja kando ya basi. Mama yake alikuwa kwenye usukani, kwani aliomba yeye ndiye awapeleke. Timu ya Mshale ilikuwa imealikwa kwa akina Komeo mwaka unaofuata, na msichana huyo alikuwa na swali.

"Nikija kwenu nikashiba, niseme nini ili waniamini?"

Komeo akafikiri. Aliwafikiria mama yake, majirani na ukoo mzima, kila mmoja na sahani yake mkononi.

"Hakuna neno," akamjibu. "Njoo na njaa."