Nafasi Moja Ukutani

Verlyn alikuwa mdogo wangu, tumbo moja ziwa moja, na yaliyompata sikuletewa na wambea. Niliyaona mwenyewe, mchana kweupe, na mengine niliyaona nikiwa nimeshika kikombe cha kahawa.

Alipostaafu kazi kwenye kiwanda cha karatasi alitaka kitu kimoja tu duniani: gereji nyumbani kwake. Wenzake walinunua mashua za kuvulia ziwani, wengine wakakimbilia Arizona kuota jua. Yeye alinunua karatasi za mirabamiraba na penseli. Majira mawili ya baridi alichora. Dari iwe futi kumi na mbili, gari likiinuliwa zima na jeki ya nguzo mbili lisiguse paa. Soketi zote ziwe juu ya kiuno, kwa sababu mvuke wa petroli hutambaa chini. Zege liwe inchi nne sakafu nzima, ila chini ya nguzo mbili za jeki liwe inchi sita. Wifi yangu Marlys alikula chakula cha jioni juu ya michoro hiyo hadi akaizoea.

"Hata siku ya gauni la harusi hukunipima hivi," alimwambia.

"Wewe hubebi gari, mke wangu. Ungebeba, ningekupima."

Jeki ile haikuwa anasa. Nyonga yake ya kushoto madaktari walishaitoa wakamwekea ya chuma, na kulala chali kwenye changarawe hawezi tena. Kwa hiyo gari lipande, yeye asimame. Gari lenyewe lilikuwa pikapu ya baba yake Marlys, iliyolala ghalani miaka kumi na minane. Verlyn aliapa kwamba siku ya kutimiza miaka arobaini ya ndoa yao, mwezi wa sita, atampeleka mkewe kanisani ndani ya gari hilo.

Gereji ikaisha. Ikabaki vifaa.

Huku kwetu mtu akifa, nyumba yake hufunguliwa Jumamosi na watu huingia kununua hadi vijiko vyake. Hatuoni haya. Sufuria yangu ya supu ni ya marehemu fulani, na supu yake tamu. Basi mwezi wa tisa Verlyn akanichukua twende kwa Orrin Tveit, fundi magari aliyekuwa amefia gerejini kwake. Ukutani kulikuwa na ubao mkubwa wa matundu. Spana, nyundo, koleo, bisibisi, kila kimoja kwenye ndoano yake, na kila kimoja kimezungushiwa mstari wa rangi nyekundu unaofuata umbo lake. Mafundi wa huku hufanya hivyo. Kitu kisiporudi, ukuta unakushtaki. Juu kabisa Orrin alikuwa ameandika kwa mkono: GARI HALISHUKI MPAKA UKUTA UJAE.

"Huyu alikuwa fundi, dada," Verlyn alisema. "Spana moja ikisahaulika kwenye injini, inaua mtu."

Nafasi moja ilikuwa tupu. Umbo lake lilikuwa na kirungu cha mviringo juu, shingo fupi iliyopinda, kisha mkia unaopungua hadi ncha. Urefu wake kama kiganja na vidole vyake.

Verlyn alimwuliza mjane. "Mama, kilichokuwa hapa kimeshauzwa?"

"Hakijawahi kuwepo," alisema yule mama. Verlyn alikuwa ameshageuka kuita watu wa kubeba, lakini mimi nilibaki, na mimi ndiye niliyesikia alichonong'ona baadaye. "Na Orrin hakuuchora mstari huo. Alipokuwa hai ulikuwa na sura nyingine."

Nilidhani ni uzee na majonzi. Mungu anisamehe, nilimpigapiga begani nikatoka.

Verlyn aliutundika ubao juu ya meza yake ya kazi, akachukua kopo la rangi nyekundu, akaifufua mistari yote iliyofifia. Yote. Hata ule wa nafasi tupu.

"Huo si ungeufuta?" nikamwuliza.

"Hujui kazi wewe. Alama haifutwi kwa kuwa kitu hakipo. Alama inangoja." Akachomeka ndoano katikati, akarudi nyuma kuutazama ukuta wake, ameridhika. "Na wewe usijali. Tutakupatia cha kukaa hapo."

Aliusemesha ukuta. Kwa mdomo wake, ndani ya gereji yake.

Pikapu ilipanda juu ya jeki mwanzo wa mwezi wa kumi. Haikushuka.

Verlyn alivuta mkono wa kushushia, gari kimya. Alifungua kufuli za usalama za nguzo zote mbili, kimya. Fundi wa jeki akaja kutoka mjini, akatoa kwenye ndoo oili yote ya haidroliki, ile inayobeba uzito wa gari. Gari likakaa pale pale juu, futi sita kutoka sakafuni, limetulia tuli. Yule fundi akaitazama ndoo iliyojaa, akalitazama gari.

"Mzee," akasema kwa sauti ya chini, "hakuna kinacholishikilia hili."

Alikusanya vyombo vyake mbiombio. Tulipompigia tena simu hakupokea.

Tangu hapo Verlyn akaanza kutafuta kifaa cha kuijaza ile nafasi. Alileta kila chuma alichokipata, akakipima kwenye ile nafasi. Jirani yetu Duane akawa anapita na bia kutania. "Labda kijiko cha mama mkwe wako hicho. Nenda ukaombe msamaha." Tulicheka wiki ya kwanza. Wiki ya tatu Duane mwenyewe alisimama mlangoni, hakuingia. Alisema anasikia baridi, na hita ilikuwa inawaka.

Mwezi wa kumi na moja nilikwenda kwa daktari wa mifupa, maana goti langu la kulia limekwisha. Mezani kwake kulikuwa na mfano wa plastiki wa nyonga ya mtu, na ndani yake chuma. Kirungu cha mviringo. Shingo iliyopinda. Mkia unaopungua hadi ncha.

Daktari aliendelea kuzungumza. Sikusikia neno.

Niliendesha moja kwa moja hadi kwa Verlyn. Nilimkuta ameketi kwenye kigoda, chini ya ile pikapu, ameukabili ukuta.

"Verlyn. Najua ni nini."

"Shh. Marlys yuko jikoni."

"Unajua?"

Akafungua droo ya kabati la vifaa, akatoa picha ya eksirei ya nyonga yake. Alikwenda akaiweka juu ya ile nafasi. Mstari mwekundu ukakizunguka kile chuma cheupe pande zote. Haukuzidi. Haukupungua.

"Tangu wiki iliyopita," akanong'ona. "Nikisogea karibu, inavuta. Humu ndani."

"Basi toka! Njoo ukae kwangu, twende hata kwa binamu Duluth, twende kokote!"

Alinitazama kwa upole, na upole huo ndio unaonitesa hadi leo.

"Nitakwenda na nini, dada? Si naondoka nayo?"

Nililia pale pale, juu ya zege lake zuri. Kisha nikapata hasira, na hasira ikanipa nguvu. Tuliung'oa ule ubao, tukaukatakata kwa msumeno, tukauchoma kwenye pipa uani hadi ukawa majivu. Tulishinda pale mchana kutwa, nikihakikisha kila kipande. Asubuhi yake Verlyn alinipigia simu. Alisema neno moja tu: "Njoo."

Ukuta ulikuwa mweupe, mtupu, wa mbao za kawaida. Mistari mingine yote ilikuwa imeungua na ubao. Ule mmoja ulikuwa pale. Na ndoano yake.

Mchungaji alikuja akaomba, akala keki ya limau kwa adabu, akaondoka kwa mwendo ambao sijamwona nao hata siku ya mazishi yenye theluji. Marlys akaifunga gereji kwa kufuli, ufunguo akauvaa shingoni kwa uzi. Tukangoja. Verlyn alikula, alilala, alisoma gazeti. Mara kwa mara nilimwona amekandamiza nyonga yake kwa viganja viwili, anaishikilia isiende.

Jumapili ya pili ya mwezi wa kumi na mbili alikuwa na mafua, akabaki nyumbani. Tulichelewa nusu saa tu, kwa kahawa baada ya ibada. Tuliporudi, kitanda kilikuwa kitupu na bado kina joto. Kufuli ya gereji ilikuwa imefungwa. Ufunguo ulikuwa shingoni mwa Marlys. Aliuvua akanipa, nikaifungua kufuli mimi.

Alikuwa amelala chali sakafuni, chini ya pikapu. Amefumba macho. Hakuna damu. Hakuna alama. Gari lilikuwa juu.

Walisema moyo. Waliokuja kumchukua walimvuta kwa miguu, kwa sababu hakuna aliyekubali kupita chini ya lile gari.

Ardhi ilikuwa imeganda, na mwenyewe alishasema achomwe. Tukamchoma. Siku mbili baadaye yule bwana wa tanuri akampigia Marlys simu. Marlys aliweka sauti nje ili na mimi nisikie.

"Mama, pole sana, naomba kuuliza. Mna hakika mzee alikuwa na nyonga ya chuma?"

"Ndiyo. Ya kushoto."

"Vyuma huwa vinabaki. Sisi hutenga." Akakohoa. "Kwenye majivu hatukuikuta."

Marlys alinitazama. Nilimtazama. Tukavaa makoti, tukavuka ua.

Pikapu ilikuwa chini. Imekaa kwa magurudumu yake manne, sawasawa, katikati ya nguzo mbili. Hapakuwa na tone la oili, wala nyayo kwenye vumbi. Ukutani, kwenye ndoano, ndani ya mstari mwekundu, chuma kilikuwa kinaning'inia. Kisafi. Kimejaza nafasi yake barabara.

Marlys alinyoosha kidole akakigusa chuma, akaurudisha mkono haraka.

"Kina moto," akanong'ona.

Hatukukiondoa. Tungekipeleka wapi? Marlys amehamia kwangu na nyumba ile imefungwa. Mwezi wa sita ulipita. Siku ya miaka arobaini ya ndoa yake alivaa gauni lake la bluu, akakaa kwenye ngazi za mlango wangu hadi saa ya ibada ikapita, hakwenda popote. Nilikaa naye. Sikuwa na lingine la kumfanyia.

Mwezi uliopita tulikwenda kuchukua makoti yake ya baridi. Alinisihi nisiende gerejini, nami nikaenda, maana ni ndugu yangu. Nyonga ilikuwa bado ipo. Mkono mmoja kando yake kulikuwa na mstari mpya mwekundu, na ndoano. Umbo lake lilikuwa la vipande viwili: cha juu kimepinda, kinakalia cha chini, na cha chini kina mguu mfupi. Niligusa. Rangi ikanibaki kidoleni.

Siku ya kuwekewa goti la chuma nimeighairi mara mbili. Nachechemea, nashika kuta, napanda ngazi kwa makalio, lakini ni mfupa wangu. Jana daktari alinionyesha picha ya eksirei, akaniambia kwa upole kwamba kabla ya majira ya joto sitaweza tena kusimama, na hapo haitakuwa tena hiari yangu.

Nimeoga mara nyingi tangu siku ile. Kidole bado chekundu.