Jiwe Lisilounguza

Saa tatu na robo asubuhi, Inspekta alipiga goti ukingoni mwa kreta. Mtaalamu wa volkano alikuwa amelala kifudifudi, kisogo kimepondwapondwa, ubongo umechanganyika na majivu. Kando yake palikuwa na jiwe kubwa, limelowa damu.

"Mlima ulitema jiwe likampata," alisema mkewe, aliyempigia picha za milima ya moto kwa miaka tisa. "Saa moja na dakika hamsini. Mimi nilikuwa pale kando, nimempa mgongo, jicho kwenye kamera."

Mwenzao wa tatu, fundi wa kupima gesi ya mlima, alikuwa na damu mpaka viwikoni. Jana yake alikuwa amekunjana na marehemu, na mdomo wake ulikuwa bado umevimba. Inspekta alimbana kwanza yeye.

"Tulipigana, sikatai. Damu hii ni ya kumwinua nione kama anapumua. Saa hiyo nilikuwa hemani, nawasomea wa kituo cha volkano vipimo redioni."

Kituo kikathibitisha: alisikika mfululizo, saa moja na nusu hadi saa mbili.

"Jiwe likitoka humo lina joto kiasi gani?" Inspekta alimuuliza fundi.

"Likikugusa tu, nywele zinawaka."

Inspekta akainama tena. Hata unywele mmoja wa marehemu haukuwa umeungua. Na majeraha yalikuwa matatu, yamepandana mahali pamoja.

Akaiwasha kamera ya mke, akatazama video ya asubuhi ile. Picha haikutikisika kabisa. Kamera ilikuwa imeachwa peke yake juu ya miguu yake mitatu. Saa moja na dakika hamsini kreta ilikuwa tuli, moshi tu. Kisha, nyuma ya kamera, sauti ya mwanamume: "Mke wangu, basi." Kishindo. Kishindo. Kishindo.

Mke alinyoosha mkono akaizima kamera.

"Mwaka jana kaka yangu alianguka humu. Mume wangu aliniambia alikufa papo hapo. Juzi nikaikuta video aliyoificha. Kaka ananing'inia kwenye kamba, ngozi inambabuka, anaita 'shemeji, shemeji' dakika kumi na moja. Na shemeji yake anarekebisha lenzi."

"Ungetuletea sisi."

"Nilimuuliza kwanza. Akasema hajawahi kupiga picha nzuri kama ile."

Inspekta alimtia pingu. "Video ya kaka yako itaonyeshwa mahakamani."

"Najua. Ila siku hiyo mama yangu asiwepo. Yeye anaamini mwanawe hakusikia maumivu."